Mabibi Walezi wa Muleba



Katika nyumba nyingi za kwetu yupo mtoto ambaye mama mwenye nyumba hakumzaa. Ni mtoto wa dada aliyefariki, au wa shemeji aliyekwenda kutafuta maisha mjini asirudi, au mjukuu aliyeachwa na binti ambaye mwenyewe alikuwa bado wa kulelewa. Tunasema, "Huyu ni wetu," na ni kweli. Lakini matanga yakishaanuliwa na watu wakishatawanyika, ni nani humwuliza yule mama aliyebaki na mtoto, "Je, unaweza? Unahitaji nini?"

Swali hilo ndilo tulilolibeba sisi wanawake saba wa usharika mmoja wa Mwanza tulipovuka Ziwa Viktoria kwenda wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Tulialikwa na akina mama wa huko kukaa nao siku sita, kuwatembelea mabibi wanaolea wajukuu. Kati yetu walikuwamo wauguzi, walimu na wafanyabiashara wa sokoni. Majina ya tuliowatembelea hatutayataja, wala vijiji vyao, maana mambo waliyotuambia ni ya ndani ya nyumba zao.

KUVUKA ZIWA

Tulisafiri usiku kwa meli ya MV Victoria. Meli hii ilianza kazi ziwani mwaka 1961, ikakaa bandarini miaka kadhaa kwa ubovu, na baada ya kukarabatiwa ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina jipya, ingawa abiria wengi tuliokuwa nao bado waliiita Victoria tu. Kabla hatujafika mbali na Mwanza, mama mmoja alituomba tusimame tusali. Ndiyo maji yaliyoimeza MV Bukoba asubuhi ya Mei 21, 1996, pamoja na mamia ya watu. Abiria wengi walikuwa wametoka Kagera, na baadhi yao waliacha watoto nyumbani.

Alfajiri tulishuka Kemondo, bandari ndogo iliyo kusini mwa mji wa Bukoba. Gari lilitupitisha Muhutwe, kisha likaanza kupanda kuelekea nyanda za juu za Kamachumu. Asiyeifahamu Kagera atashangaa kuona jinsi nyumba zinavyofunikwa na migomba. Mhaya hajengi mbali na shamba lake. Nyumba imo katikati ya kibanja, migomba imeizunguka, mibuni imesimama kivulini mwa migomba, na chini kabisa yapo maharage. Hewa ni ya baridi na udongo ni mwekundu.

Lakini katika kibanja hicho hicho yamo pia makaburi. Wenyeji huwazika wapendwa wao shambani kwao. Mwenyeji wetu alitusimamisha mbele ya makaburi matatu yaliyosakafiwa kwa saruji, akatuambia tusome tarehe. Watatu wale walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walizikwa ndani ya miaka sita, na mkubwa wao hakufika miaka 35. Aliyewazika wote ni mama yao, na ndiye aliyekuwa anatusubiri mlangoni.

KWA NINI MABIBI NI WENGI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Siku zile watu hawakujua ni nini. Wengine waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa bure katika hospitali zetu hadi mwaka 2004. Katikati hapo ipo zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo kizazi kizima cha baba na mama kilipungua. Wazee wakabaki na wajukuu.

Msomaji atauliza, je, hayo si ya zamani? Ni kweli kwamba leo mwenye virusi anayemeza dawa zake anaishi, anafanya kazi na kulea watoto wake. Tunamshukuru Mungu. Lakini mabibi hawajapumzika. Tuliwakuta wengine wanaolea kizazi cha pili: yule mjukuu waliyemlea tangu 1998 sasa naye amekwenda Mwanza au Dar es Salaam, amewarudishia mtoto mgongoni. Wengine wanalea kwa sababu ya ajali ya pikipiki, au ndoa iliyovunjika, au binti aliyepata mimba akiwa shuleni. Sababu zimebadilika, mlezi ni yule yule, na umri wake umeongezeka.

KOPO NA KIFUKO

Katika nyumba ya bibi tuliyemtaja tulikaribishwa kwa heshima yote. Watoto walipiga magoti kutusalimu, na tukapewa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu." Ana miaka 74 na analea wajukuu na vitukuu wanne. Mkubwa ni mvulana wa miaka 14 aliyezaliwa na virusi. Wa pili ni binti wa miaka 12. Wa tatu ni mvulana wa miaka 7 mwenye kifafa. Wa mwisho ana miaka 4, mzima wa afya, lakini hasemi na mgeni.

Tulimwomba atuonyeshe dawa. Alileta kopo moja na kifuko kimoja, vyote amevifunga ndani ya kanga moja juu ya kabati. Tulipomwuliza ipi ni ya nani, alivinusa. Macho yake yana mtoto wa jicho, na maandishi hayaoni. Kwa miaka miwili alikuwa akizitambua dawa za watoto wawili wenye magonjwa mawili kwa harufu na kwa sauti ya vidonge vikitikiswa. Hakuwahi kukosea, alituambia, na tuliamini. Lakini ni mzigo gani huo, kila jioni kuogopa usimpe mtoto dawa ya mwenzake!

Siku ile tulifunga kitambaa chekundu kwenye kopo, tukatia kifuko cha kifafa ndani ya kikopo cha chai kilichofungwa kamba ya katani, na kila kimoja kikapata mahali pake. Kazi hiyo haikuchukua hata nusu saa. Akina mama wa usharika wa pale waliahidi kumpeleka bibi kwenye kliniki ya macho, kwa sababu mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo na mtu akaona tena. Tunaposema tumsaidie mtoto, mara nyingi tunapaswa kuanza na macho ya bibi yake.

Mvulana wa kifafa alikuwa na kovu la moto kwenye mkono. Alianguka kwenye mafiga. Hili hutokea sana vijijini, na mara nyingine moto huumiza kuliko kifafa chenyewe. Tuliwaeleza watu wa nyumba ile, na majirani waliokuja, mambo machache ambayo kila mama anapaswa kuyajua. Mtoto akianza kutikisika, mwondolee vitu vya kumwumiza, mweke kitu laini chini ya kichwa, na mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimpe maji. Hali ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa, kwa hiyo asiachwe peke yake kwa hofu. Na dawa isikatishwe kwa sababu ameombewa. Sala na dawa hazigombani. Vijana wa kwaya waliinua jiko la bibi kwa matofali na udongo, likafika kiunoni mwa mtu mzima.

MTOTO ASIYESEMA

Yule wa miaka 4 alikuja kwa bibi baada ya mama yake kuondoka usiku bila kuaga. Tangu hapo hukojoa kitandani na huficha chakula chini ya mkeka. Jirani mmoja alishauri apigwe ili aache. Bibi hakukubali, ila alituuliza kwa sauti ndogo kama mtoto huyu amelogwa.

Hapana, hakulogwa. Mtoto aliyeondokewa ghafla hana maneno ya kueleza huzuni yake, kwa hiyo mwili wake husema badala yake. Mmoja hukojoa, mwingine hupigana shuleni, mwingine huwa mpole kupita kiasi na kila mtu akamsifu, kumbe ndani anaumia. Anayeficha chakula anaogopa kwamba kesho hakutakuwa na mtu wa kumpa. Kumchapa ni kumthibitishia hofu yake. Kinachomponya ni mambo yale yale kila siku: kula saa ile ile, kulala mahali pale pale, kuambiwa kila mara bibi anapokwenda shambani na lini atarudi, na kuiona ahadi hiyo ikitimia.

Tuliwafundisha pia jambo ambalo akina mama wa Uganda wanaoishi na virusi walilieneza mwishoni mwa miaka ya 1990: kitabu cha kumbukumbu. Daftari la kawaida linatosha. Ndani yake mlezi, au mtu anayejua kuandika, anaweka jina la mama na baba wa mtoto, walikotoka, alizaliwa siku gani, nani alimpa jina, mama yake alipenda wimbo gani. Bibi alisema na mwalimu mmoja wetu akaandika. Walipofika kwenye jina la mama, yule mtoto aliyekuwa nyuma ya mlango alitoka, akaketi.

KUMWAMBIA UKWELI

Mvulana wa miaka 14 alikuwa ameacha dawa zake kwa miezi miwili. Tangu utotoni aliambiwa ni dawa za kifua. Kisha shuleni aliwasikia wenzake wakilitania kopo kama lake, akaelewa mwenyewe, akanyamaza, na jioni akawa anatema kidonge migombani.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wenye virusi waambiwe hali yao wakiwa na umri wa kwenda shule, yaani kati ya miaka 6 na 12, kidogo kidogo kwa kadiri wanavyoweza kuelewa. Mabibi wengi hawajasikia ushauri huo, na wakiusikia hawana wa kuwasaidia kupata maneno. Hatukumwambia sisi, maana tulikuwa wageni wa siku sita. Tuliongozana na bibi hadi kliniki, na muuguzi wa pale, anayemfahamu mtoto tangu akiwa mchanga, akazungumza nao wote wawili. Bibi alituruhusu tueleze kilichosemwa.

Mvulana aliuliza, "Kwa nini mlinificha?"

Bibi akajibu, "Niliogopa utamchukia mama yako."

Muuguzi akamweleza kwamba mama yake hakumpa ugonjwa kwa kusudi, kwamba akimeza dawa kila siku virusi hupungua hadi kipimo kisivione, na kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuoa na kupata watoto wasio na virusi. Alisikiliza bila kuinua uso. Walipotoka nje alimbebea bibi mkoba wake. Siku iliyofuata alimeza dawa mbele ya bibi bila kuambiwa. Miezi ijayo itahitaji mtu wa kumfuatilia, na mzee mmoja wa kanisa, mwanamume, amekubali kuwa rafiki yake, kwa kuwa yapo mambo ambayo kijana hawezi kumwambia bibi.

BINTI ALIYEKUWA AONDOKE

Siku ya nne ndipo bibi alipotuambia jambo lililokuwa likimlemea. Mwanamke mmoja wa mjini alikuwa amekubaliana naye amchukue yule binti wa miaka 12 akawe mtumishi wa ndani. Angekuja mwisho wa mwezi. Bibi alisema, "Wanangu, watoto ni wanne na mikono yangu ni miwili. Mmoja akipata pa kula, watatu watashiba."

Hatukuwa na haki ya kumlaumu. Binti yule ndiye aliyekuwa anachota maji, anapika, na kumwangalia mwenye kifafa; kumtoa kungemwumiza bibi mwenyewe. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na sisi tunaoishi mjini tunajua wanayoyapata wengine wa mabinti hawa usiku, nyumba ikilala.

Mwinjilisti aliita kikao. Alikuja mama mdogo wa watoto kutoka Kamachumu, mwenyekiti wa kitongoji, afisa ustawi wa jamii wa eneo lile na akina mama wanne wa usharika. Hapakuwa na hotuba. Kila mmoja aliulizwa anaweza nini. Mama mdogo akasema atamchukua mwenye kifafa siku tatu kila juma, ili bibi aende shambani na binti aende shule. Akina mama wanne wakagawana zamu ya maji. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kikatoa mkopo wa mbuzi wawili. Afisa akaandika jina la binti ili amtembelee. Elimu ya msingi na sekondari haina ada, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vinahitaji fedha, na hayo tuliyabeba sisi hadi atakapomaliza darasa la saba.

Tulipoondoka binti alikuwa bado nyumbani. Hatuwezi kuahidi zaidi ya hapo. Mvua ikikosekana, au bibi akiugua, yule mwanamke wa mjini anaijua njia. Ndiyo maana waliobaki wamekubaliana kukutana kila mwezi.

SHAMBA NA KARATASI

Kila bibi alituuliza swali moja: "Nikifa, watabaki wapi?" Wasichana ndio walio hatarini zaidi, maana kwa mila za zamani za Kihaya ardhi ya ukoo hushikwa na wanaume. Inafaa akina mama wajue kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilimpa haki mwanamke wa Kagera, Holaria Pastory, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mahakama ilisema mila ya kumzuia mwanamke kwa sababu ni mwanamke inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume.

Lakini sheria bila karatasi haimlindi yatima mbele ya ami mwenye tamaa. Tuliwasaidia mabibi kukusanya mambo matatu: cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, vyeti vya vifo vya wazazi, na wosia ulioandikwa mbele ya mashahidi, ukitaja mipaka ya kibanja. Wengi wanalea bila barua yoyote. Siku mtoto anapohitaji upasuaji au kuhamishwa shule, hawajulikani ni nani kwake. Ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo pa kuanzia.

FEDHA KIDOGO ILIYO YA HAKIKA

Upande wa Nshamba, katika wilaya hii hii, mradi uitwao Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee maskini pensheni ndogo kila mwezi, na nyongeza kwa wale wenye wajukuu. Wapo waliodhani wazee wangezipoteza. Walipochunguza matumizi, walikuta chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mabibi walijua watoto wanahitaji nini. Walichokosa ni uwezo. Fedha ndogo inayokuja kila mwezi humsaidia mlezi kuliko zawadi kubwa ya Krismasi, kwa sababu anaweza kupanga.

NA SISI JE?

Akina mama wapendwa, Biblia inawajua walezi wa namna hii. Mordekai alimlea Esta, binti wa ami yake aliyekuwa yatima, na hata alipoingia jumba la mfalme, kila siku alipita karibu na ua kutaka kujua hali yake. Loisi, bibi yake Timotheo, anatajwa kwa jina kwa ajili ya imani yake. Na Yakobo, katika sura ya kwanza, anatukumbusha kwenda kuwatazama yatima na wajane. Kwa hiyo hatuwezi kuishia kutuma sadaka.

Basi tuanze karibu. Katika usharika au jumuiya yako, andikeni orodha ya walezi wote: mabibi, shangazi, akina mama wadogo, na kaka wakubwa wanaolea wadogo zao. Mwulizeni kila mmoja mwenyewe anahitaji nini, msikisie. Mpeni mapumziko, hata mchana mmoja kwa juma, mtoto akiwa kwa mama mwingine anayemfahamu. Mpelekeni kupima presha, sukari na macho. Kama mtoto ana ugonjwa au ulemavu, wawili kati yenu mjifunze kumhudumia, ili mlezi akiugua asikosekane mtu. Zungumzeni na mwalimu wake.

Kama wewe ndiwe mlezi, usione aibu kusema umechoka, kwani anayechoka si lazima awe amekosa upendo. Kama unalea mtoto wa shemeji, akae meza moja na wanao, ale walichokula, avae walichovaa. Na kama nyumbani kwako yupo binti mdogo aliyeletwa kutoka kijijini kukusaidia kazi, muulize leo ana miaka mingapi, nani alikuwa akimlea, na mara ya mwisho alizungumza lini na bibi yake. Ikiwa ni mtoto wa shule, unajua la kufanya.

Mungu awabariki walezi wote, na atupe sisi mikono ya kuwasaidia.